Kupata na Kupatwa: Neno "Get" Mikononi mwa Mfasiri wa Kifini



Ukimuuliza mfasiri chipukizi anaogopa nini, atakutajia sheria, tiba na ushairi. Akishakaa na kazi miaka kadhaa, hofu yake huhama. Istilahi ya tiba ina maana moja, na usipoijua leo kuna daktari wa kumuuliza kesho. Neno dogo la kila siku halina daktari. Kila mtu analijua, na kwa hiyo hakuna wa kumuuliza. Jioni hii nataka tukae na neno moja la aina hiyo, kitenzi cha Kiingereza chenye herufi tatu, get, tulifuate mpaka Ufini tuone Wafini wanalifanyaje.

Kwa nini Ufini? Mfasiri wa Kiswidi akikutana na get anacho kitenzi få, ambacho humsogeza mbali kabla hajaanza kukuna kichwa, kwa kuwa Kiswidi na Kiingereza ni watoto wa ukoo mmoja. Kifini hakimo katika ukoo huo. Ndugu yake wa karibu ni Kiestonia, na wa mbali ni Kihangaria. Kiwakilishi chake hän ni cha mwanamke na mwanamume, kama yeye yetu. Hakina kitenzi kama have ya Kiingereza: Mfini husema minulla on kirja, yaani kwangu kuna kitabu. Nomino zake hubadilika miishio kwa hali kumi na tano. Neno la Kiingereza likifika mpakani mwa lugha kama hii haliwezi kupita kwa kufanana sura na wenyeji. Lazima lihojiwe.

Kwanza tulijue kwao. Get yenyewe ni mhamiaji. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi cha shina hilohilo, lakini kilizoea kutembea kimeshikana na kiambishi, na masalia yake tunayo hadi leo katika forget, kusahau, ambako maana ya asili ni kama kuponyokwa na kitu ulichokuwa umekishika. Get iliyosimama peke yake, yenye g nzito, ilitokana na geta ya watu wa Skandinavia waliovamia na hatimaye kulowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Katika maandishi inaanza kuonekana mnamo 1200. Tangu hapo imekuwa ikimega mashamba ya jirani: kupokea, kuchukua, kununua, kufika, kuelewa, kuugua, kuzeeka, kulazimika, kuruhusiwa. Walimu wengi wa Kiingereza, wa kwetu wakiwemo, huichorea mstari mwekundu kwenye insha wakisema ni neno la uvivu. Sikubaliani nao sana. Waingereza huitumia kwa sababu inawafaa, na inawafaa kwa sababu haisemi mengi. Inakuambia kwamba mtu hakuwa na kitu na sasa anacho, hakuwapo mahali na sasa yupo. Kama alikitaka kitu hicho, kama alikihangaikia, kama alitupiwa tu, get haina habari. Mfini, kama mtakavyoona, mara nyingi hana ruhusa ya kunyamaza hivyo.

Kamusi yoyote ya Kiingereza na Kifini ukiifungua penye get, jibu la kwanza utakalokuta ni saada. Ni jibu zuri, na kwa sentensi nyepesi linatosha. "I got a letter" ni sain kirjeen, nilipata barua. Barua ikiwa nzima na imefika, hubeba mwishio wa utimilifu. Ikiwa haikufika inabadilika sura: en saanut kirjettä. Ukipata pesa kiasi fulani, sain rahaa, huo mwishio wa rahaa unasema ni sehemu tu ya pesa zilizomo duniani, jambo ambalo wengi wetu humu tunalijua bila kuhitaji sarufi.

Lakini saada nayo ina tabia zake. Mtoto wa Kifini akitaka kuingia chumbani huuliza saanko tulla, na hiyo saanko ni saada ileile: je, napata kuja? Ruhusa kwao ni kitu kinachopatikana. Kwenye jumba la makumbusho kibao kitasema ei saa koskea, usiguse, neno kwa neno "haipati kugusa". Mteja mkahawani akitaka kahawa, na kwa kuwa Kifini hakina neno moja la "tafadhali" la kubandika mwishoni, husema saisinko kahvin, ningepata kahawa? Adabu yote imo katika kile kiambishi -isi-, kinacholainisha ombi. Sisi tunayo "naomba" na "nipatie", na hiyo nipatie ndiyo get ya Mwingereza aliyeagiza "get me a coffee". Tena, ile filamu ya Steven Spielberg ya 2002 kuhusu tapeli kijana anayekimbizwa na afisa wa FBI, Catch Me If You Can, kwa Kifini iliitwa Ota kiinni jos saat. Katika jina la Kiingereza get haimo kabisa, lakini Mfini kaiweka saada mwishoni: nikamate ukipata, yaani ukiweza.

Basi mfasiri anayeweka saada kila aonapo get hataonekana mjinga. Ataonekana tu kama mtu ambaye Kifini chake kimekonda. Mama akimwambia mwanawe "get the milk", Mfini atatumia hakea, kwenda mahali na kurudi na kitu. Mzazi anayemfuata mtoto shule ya chekechea naye "anahakea" mtoto. Ukijitafutia nyumba, gari au kibali, ni hankkia, ambamo mna jitihada na mpango. Na hapa kuna ubishi mdogo ninaoupenda. Kwa Kifini unaweza kusema saada lapsi, kupata mtoto, na pia hankkia lapsi, kujitwalia mtoto kwa mpango. Wapo Wafini wanaochukizwa na hiyo ya pili. Huwajibu wenzao kwamba watoto hawanunuliwi sokoni, hupokewa. Wengine huona hakuna ubaya, kwani watu siku hizi hupanga. Mwingereza akisema wenzake wanatarajia "to get a child", ikiwa kweli atasema hivyo, ubishi huu hataujua. Kwetu tunayo tofauti hiyohiyo: fulani kapata mtoto, fulani na mumewe wanatafuta mtoto.

Nipite haraka kwenye kundi ambalo Mswahili hahitaji kuhubiriwa. Kiingereza hujenga mabadiliko ya hali kwa get na kivumishi: get old, get tired, get angry, get drunk, get lost, get rich, get wet. Mfini ana kitenzi kimoja kwa kila kimoja: vanheta, väsyä, suuttua, humaltua, eksyä, rikastua, kastua. Sisi pia: kuzeeka, kuchoka, kukasirika, kulewa, kupotea, kutajirika, kulowa. Ule mwishio wa -ua na -yä katika vitenzi vyao vingi unafanya kazi inayokaribiana mno na -ika yetu. Wanafunzi wangu wakitafsiri "he got angry" kuwa "alipata hasira" huwa nawauliza Kiswahili kimewakosea nini. Kwenye "they got married" mambo hugeuka kidogo. Mfini husema menivät naimisiin, waliingia katika ndoa, yameisha. Sisi ndio tunaogeuka wahoji: nani kaoa, nani kaolewa, au wameoana?

Na kwenye basi tuko pamoja tena. Mwingereza ana "get on" na "get off". Mfini hupanda, nousta bussiin, kitenzi kilekile cha kupanda ngazi au kuinuka kitini, kama sisi tunavyopanda daladala. Kushuka ndiko kwa ajabu: jään pois, nabaki nje. Basi ndilo linaloondoka, abiria anabaki. Na ukilikimbilia likakukubali kabla halijaondoka, "I got the bus in time", una ehtiä, ambacho ni kuwahi kwetu, bila kupungua wala kuzidi.

Sasa nifike kwenye vitenzi viwili ambavyo kwa hakika ndivyo vilivyonileta mbele yenu: päästä na joutua. Vyote viwili vinaweza kuwa tafsiri ya get pale mtu anapofika mahali au anapoingia katika hali. Päästä ni kufika baada ya kizuizi kufunguka, mahali ambapo kwa kawaida ulitaka kufika. Joutua ni kujikuta mahali bila kutaka, au kwa kusukumwa. Mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu husema pääsin yliopistoon. Aliyevunjika mguu kwenye barafu husema jouduin sairaalaan, nilijikuta hospitalini. Lakini mgonjwa aliyengoja foleni ya upasuaji kwa muda mrefu, siku akiitwa, atasema pääsin sairaalaan, na sauti yake itakuwa ya shukrani. Hospitali ni hiyohiyo na kitanda ni hichohicho. Mtu huingia gerezani kwa joutua na hutoka kwa päästä, na sijawahi kusikia mwenye akili timamu akivibadilisha.

Chukueni sentensi ya kawaida ya wasifu wa Kiingereza: "She got into politics in her thirties." Alipokuwa na miaka thelathini na kitu, aliingia katika siasa. Kiswahili chetu hapa ni kimya karibu sawa na Kiingereza. Mfasiri wa Kifini ameshika kalamu. Akiandika pääsi politiikkaan, amesema milango ilikuwa imefungwa na bibi huyu alifaulu kuifungua. Akiandika lähti, amesema aliondoka alipokuwa akaenda, kwa hiari yake. Akiandika joutui, hakutaka, walimwingiza. Na kuna ajautui, kitenzi cha chombo kinachochukuliwa na mkondo: alisombwa tu na mambo mpaka akajikuta bungeni. Kila kimoja ni hukumu juu ya maisha ya mtu, na mwandishi wa Kiingereza hakuitoa. Mfasiri arudi sura tatu nyuma asome tena, aone huyu mama alikuwa akifanya nini kabla, ni nani aliyemshawishi, alilalamika au alifurahi. Kuna kazi ya upelelezi katika kutafsiri kitenzi hiki ambayo malipo ya tafsiri, yanayohesabu maneno, hayaitambui.

Msidhani päästä ni kitenzi cha furaha moja kwa moja. Roho yake ni kupenya kizuizi, na kupenya kunaweza kuwa kwa kitu ambacho hakuna aliyekialika. Mhariri wa Kifini anayeomba radhi kwa kosa la uchapaji huandika kwamba katika makala on päässyt virhe, kosa limefanikiwa kuingia, kana kwamba kosa lenyewe lilikuwa likinyemelea mlangoni usiku kucha. Na mtu akishindwa kujizuia, kilio "humpääsia", kinamtoka.

Lakini mahali ambapo get hunishangaza zaidi ni katika sentensi mbili zinazotenganishwa na pumzi ndogo tu. "I get to go" ina maana ya kwamba nimepata bahati, naenda. "I've got to go" ina maana ya kwamba sina budi, lazima niende. Mlango uliofunguliwa na mkono unaokusukuma mgongoni, vyote kwa neno moja. Wamarekani wana msaada kidogo kwa sababu wamehifadhi umbo la kale gotten, hivyo "I've gotten to go" kwao haiwezi kuwa lazima. Waingereza waliliacha gotten, wakabaki na muktadha. Mfini hana tatizo hilo: ya kwanza ni pääsen au saan mennä, ya pili ni minun täytyy mennä, na ikiwa anakwenda huku amenuna, joudun menemään. Ndiyo, joutua tena. Kitenzi cha kupelekwa hospitalini bila kupenda ndicho pia cha kulazimika kuhudhuria kikao.

Je, sisi tuko upande gani? Nilipoanza kulichunguza jambo hili nilidhani pata yetu ni get ya Kibantu, kubwa na bubu. Hata matumizi ya kuelewa inayo: "nimekupata" ya vijana na ya watu wa redio za upepo ni "I get you" kabisa, wakati Mfini huhitaji kitenzi kingine, tajuta au ymmärtää. Lakini pata ina viungo ambavyo get haina. Ongeza -ana, tunapatana, na hiyo ndiyo "get along", ambayo Mfini huizungushia maneno mawili, tulla toimeen. Ongeza -ikana, kinapatikana. Itie katika kauli ya kutendwa, na hapo ndipo joutua yetu ilipojificha: kupatwa. Fulani amepata kazi, fulani amepatwa na msiba. Jua lenyewe, likifunikwa na mwezi mchana, hupatwa; halikupata. Tuna habari, basi, za nani alitaka na nani hakutaka, tunaziweka katika kauli ya kitenzi badala ya kutafuta kitenzi kingine. Kwa masikitiko, kila siku magazetini nasoma "amepata ajali", hata "amepata msiba". Siyaiti makosa, watu husema hivyo tangu zamani. Lakini mfasiri anayetoka Kifini akikutana na joutua na kuandika "alipata" kwa mazoea, ameacha mezani kitu ambacho lugha yake ilikuwa tayari kumpa.

Tunayo pia pata ya kale, ya wazee na ya vitabu: "sijapata kuona jambo kama hili". Mwingereza anayo, "I never got to see". Mfini naye husema saa nähdä, ya kupata kuona, kwa maana ya tutaona huko mbele. Lugha tatu za koo tatu zimeokota kitenzi cha kupata zikakiunganisha na kuona. Sina nadharia juu ya hilo na sitaitengeneza hapa mbele yenu.

Vifo navyo vina kauli zao. Habari za ajali katika magazeti ya Kifini huandika kwamba mtu sai surmansa, alipata kifo chake, na ule mwishio wa umiliki hauachwi: kifo chake, kama fungu lililokuwa likimngoja. Kwetu mauti ndiyo hutembea: yalimfika, yalimkuta. Anayeachishwa kazi Ufini sai potkut, amepata mateke. Kenya angekuwa amemwaga unga.

Wanaoumizwa zaidi na get huko Ufini ni wafasiri wa televisheni. Ufini haiwekei filamu za nje sauti za Kifini, isipokuwa zile za watoto wadogo. Huandika maneno chini ya picha, mistari miwili, sekunde chache, na maneno ya Kifini ni marefu. Mpelelezi katika tamthilia ya Kiingereza anamuuliza mwenzake, "Did you get him?" Ikiwa mwenzake alikuwa akimkimbiza mtu, ni saitko hänet kiinni. Ikiwa alikuwa na bunduki, ni osuitko, ulimpiga? Ikiwa alikuwa na simu mkononi, tunarudi saitko hänet kiinni, kwa kuwa Mfini "humkamata" mtu kwa simu kama sisi tunavyosema "nimempigia sikumpata". Na ikiwa mzungumzaji alikuwa ametoa hotuba yenye lafudhi nzito, swali ni kama ulimwelewa. Mfasiri aliyeletewa maandishi bila picha hana la kufanya isipokuwa kubahatisha.

Mtaniuliza kuhusu mashine. Wafini wana historia ndefu nazo, na sisi tumo ndani yake. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa tasnifu yake ya mofolojia ya ngazi mbili, njia iliyoiwezesha kompyuta kufungua maneno marefu ya Kifini kiungo kwa kiungo. Profesa Arvi Hurskainen wa chuo hichohicho akaichukua njia hiyo akaitumia kwa Kiswahili, lugha ambayo neno lake moja, kama vile "hawakutupatia", ni sentensi nzima. Kazi hiyo ni miongoni mwa misingi ya Kiswahili katika kompyuta, na wanafunzi wa hapa wangepaswa kuijua kuliko wanavyoijua. Lakini kulifungua neno ni jambo moja, na kujua kama yule mama alipääsi au alijoutui ni jingine. Sentensi yenyewe haina jibu hilo. Limo kurasa nyingi nyuma, na wakati mwingine halimo kwenye kitabu, limo katika maisha ya mtu.

Ndiyo maana nataka nimalizie na wakalimani. Miongoni mwa wakimbizi waliopokewa Ufini wamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na ofisini, hospitalini na shuleni hukaa kati yao na Wafini mkalimani. Tuseme afisa anauliza kile ambacho Mwingereza angekiuliza kwa "How did you get to Finland?" Kwa Kifini anaweza kusema miten tulit, ulikujaje. Anaweza kusema miten pääsit, ulifanikiwaje kufika. Anaweza kusema miten päädyit, uliishiaje huku, kitenzi kilichotokana na pää, ambayo ni kichwa na pia ncha au mwisho wa kitu. Au miten jouduit, ulitupwaje huku. Mkalimani anayezigeuza zote nne kuwa "ulifikaje" amemnyima mhojiwa kujua anaulizwa kwa moyo gani.

Na jibu likirudi, hatari ni ya upande wa pili. Mama anajibu: "Nilifika mwaka ule na watoto." Mkalimani mwenye huruma atasikia jouduin. Mwenye kuishukuru nchi iliyompokea yeye mwenyewe zamani atasikia pääsin. Nimesema muda wote huu kwamba Kifini humlazimisha mfasiri achague, na kwa kitabu naamini achague, kwa sababu ana kurasa za kumwongoza. Lakini mama huyu hakuchagua. Huenda hajaamua mwenyewe, au ameamua na hataki kumwambia mtu wa ofisini. Kifini kina pia saapua, kufika tu, ambacho ni ndugu wa saada na hakina hukumu ndani yake. Mkalimani aseme saavuin, anyamaze. Afisa akihitaji kujua zaidi, aulize swali la pili. Ameajiriwa kwa hilo.